Kompyuta za Parokia: Rahisi kwa Nani?



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10. Habari hiyo haikusomwa kwenye matangazo ya Dominika, wala hatudhani kwamba kuna paroko aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Lakini sisi mafrateri tunaotumwa maparokiani wakati wa likizo, iwe Dodoma mjini, Bahi, Kongwa au Mpwapwa, tunaijua kompyuta iliyoko kwenye meza ya karani. Mara nyingi ni ya msaada. Ilitumika Ulaya miaka kadhaa, ikapakiwa kwenye kontena, ikafika kwetu ikiwa nzima. Sasa imeshiba vumbi la Dodoma na bado inafanya kazi, ikiendeshwa na Windows 10 au hata Windows 7, ambayo iliachwa tangu Januari 2020.

Windows 11 haikubali kuingia kwenye mashine kama hizo. Inadai prosesa ya miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta ya mwaka 2013 inayoandika barua za utambulisho na kuchapa ratiba ya Misa bila tatizo inaambiwa kwamba haistahili. Watumiaji wa nyumbani wamepewa nafasi ya kujiandikisha kwa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Parokia yenye mashine ya namna hiyo ina mambo matatu ya kuchagua: kununua kompyuta mpya, kuendelea na ya zamani bila kinga, au kubadilisha mfumo endeshi wenyewe. Tunataka kuongea juu ya hili la tatu, kwa sababu kila tunapolitaja tunajibiwa neno moja: "Hiyo ni ngumu, frateri."

Kwa msomaji asiye wa fani hii, mfumo endeshi ni ile programu ya kwanza kuamka unapowasha kompyuta, inayozipangia kazi programu nyingine zote. Ni kama msakristia. Hakuna anayekuja kanisani kumtazama yeye, lakini siku akisahau divai, Misa nzima inasimama. Windows ni mfumo mmojawapo, na ule wa kompyuta za Apple ni mwingine. Hiyo miwili ina mwenyewe: kampuni ndiyo inayoamua nini kibadilike na lini. Upande wa pili kuna Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na kuunganishwa na kazi ambayo Richard Stallman alikuwa ameianza Marekani mwaka 1983 kwa jina la GNU. Hii ni programu huria. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ndani, kuibadilisha na kumgawia jirani. Kwa hiyo zimetokea aina nyingi. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikachukua jina ambalo sisi Wabantu hatuhitaji kufafanuliwa. Linux Mint ilifuata mwaka 2006, nayo imetengenezwa kwa makusudi ifanane na kile ambacho mtu wa Windows amekizoea.

Ndivyo mjadala unavyowekwa duniani kote: upande mmoja urahisi, upande mwingine uhuru wa kurekebisha mambo utakavyo. Ukitaka huu, poteza ule. Umberto Eco, mwandishi wa Kiitaliano anayejulikana kwa riwaya yake ya Jina la Waridi, aliufanyia jambo hilo utani mwaka 1994 katika safu yake ya gazeti la L'Espresso. Alisema Macintosh ni Mkatoliki, kwa kuwa inamshika mwamini mkono hatua kwa hatua hadi hati inapochapishwa, na kila mtu anaweza kuokoka. Mfumo wa zamani wa DOS aliuita Mprotestanti, kwa kuwa ulimwachia mtu atafsiri mwenyewe na kuamua mambo mazito peke yake. Windows aliifananisha na Waanglikana. (Hapa Dodoma tuna majirani wengi Waanglikana, na wema sana, kwa hiyo tusiupeleke utani huo mbali.)

Tulicheka tulipousoma. Lakini baada ya kucheka tuliona kwamba kuna mtu amesahaulika, naye ni katekista. Mkatoliki wa kigango cha Chamwino hakuzaliwa akijua ishara ya msalaba ianzie mkono gani. Kuna mtu alimfundisha akiwa chini ya mbuyu, akarudia, akamsahihisha, na leo anafanya bila kufikiri na anaona ni rahisi. Aristotle katika Maadili ya Nikomako anaeleza kwamba yale tunayopaswa kujifunza ndipo tuyatende, tunajifunza kwa kuyatenda. Mazoea yakishakaa ndani yetu hatuyaoni tena. Tunaona wepesi wa kitu tu, tukadhani wepesi huo ni sifa ya kitu chenyewe.

Hoja yetu basi ni hii: urahisi wa kompyuta haukai sana ndani ya kompyuta. Unakaa kwa watu walioizunguka.

Tazama Windows kwa haki. Mtu ambaye hajawahi kuiona, ukimketisha mbele yake, atajua wapi pa kuzimia? Kwa miaka mingi ilikuwa lazima ubonyeze sehemu iliyoandikwa "Start" ili uizime. Hakuna urahisi wa maumbile pale. Windows ni rahisi Dodoma kwa sababu kila steshenari inayo, kila shule inayofundisha kompyuta inafundisha hiyo, na mashine ikigoma unaipeleka kwa fundi pale mjini, anakwambia, "Niachie, nikupigie Windows, njoo saa kumi." Neno lenyewe, "kupiga Windows", lina maana kwamba kuna jeshi zima la vijana wanaojua kazi hiyo. Huo ndio urahisi. Siku hao vijana wakihama wote kwenda Dar es Salaam, Windows itakuwa ngumu kesho yake asubuhi.

Au tazama M-Pesa, iliyoingia Tanzania mwaka 2008. Mtu wa Ulaya akiionyeshwa menyu yake kwenye kitochi angesema ni kitu kigumu: piga alama ya nyota na namba, chagua moja, ingiza namba ya simu, ingiza kiasi, ingiza namba ya siri, thibitisha. Hakuna picha hata moja. Lakini bibi zetu vijijini, wengine wasioweza kusoma barua, wanapokea na kutuma fedha. Waliwezaje? Kulikuwa na wakala kwenye kibanda karibu na nyumbani, mwenye subira, anayeongea lugha yao, naye akawaelekeza mara ya kwanza na ya tano. Kweli, wengine walifika mahali pa kumpa wakala hata namba ya siri, na wapo waliolia. Urahisi unaoletwa na mtu unampa mtu huyo nguvu juu yako. Tutalirudia hilo.

Upande wa pili wa hoja tunao ushahidi unaouma kidogo, kwa sababu ni wa kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Waliichukua OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu, wakaifasiri kwa Kiswahili, na Desemba 2004 ikatoka kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni ya programu ilishawapa. Ilibidi wakae na kutafuta maneno ya vitu ambavyo havikuwa na jina katika lugha yetu. Ni kazi ya heshima kubwa, na miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilikuwa ikiandaa Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Sasa tuliulizana darasani, mwaka wetu wa filosofia, nani amewahi kuiona Jambo OpenOffice kwa macho. Hakuna aliyenyoosha mkono. Uhuru ulikuwepo, na lugha ilikuwepo, tena lugha ya mama wa kigango na ya mtoto wa darasa la nne. Wa kuipeleka kijijini na kukaa nayo hakuwepo. Injili iliyofasiriwa vizuri ikabaki kabatini.

Kwa hiyo anayetuambia "Linux ni ngumu" amesema kweli, ila hajasema kwa nini. Simu aliyoishika mkononi, kama ni ya Android, ndani yake kuna kiini hichohicho cha Linux, naye anaitumia kupokea picha za ubarikio bila kulalamika. Kwenye meza ya parokia ni ngumu kwa kuwa hapa kwetu hakuna wa kumpigia simu.

Mtu anaweza kutujibu: kama ni hivyo, si tubaki na Windows ambayo mafundi wake tunao? Ni jibu zuri. Kwa parokia ya mjini yenye kompyuta mpya, leseni halali na karani aliyeizoea, tungemwambia paroko asibadilishe chochote. Kubadilisha kwa ajili ya kubadilisha ni majivuno ya vijana, na tunayajua. Lakini parokia za namna hiyo ni chache, na kuna mambo mawili yanayotusumbua dhamiri kuhusu zilizobaki.

La kwanza ni lile ambalo halisemwi kwenye vikao vya halmashauri walei. Windows nyingi zinazopigwa mitaani si halali. Fundi anaingiza nakala aliyoipata kwenye flashi, anaivunja kufuli, anachukua hela yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Nasi tunahubiri Amri ya Saba kwa wauza mahindi wanaopunguza kwenye debe. Tunafahamu utetezi wake: kampuni ni tajiri, parokia ni maskini, na kwa kweli Mtakatifu Thomas anajadili hali ya mtu mwenye shida ya kufa anayechukua chakula. Lakini barua ya parokia si chakula cha mwenye kufa, hasa pale ambapo kuna mfumo mwingine unaotolewa bure na kwa halali. Ukiacha dhambi, kuna hatari: ile programu ya kuvunja kufuli ni nani aliyeiandika, na imebeba nini? Hapo tunarudi kwa wakala na namba ya siri. Fundi asiyejulikana ameingia mahali palipo na majina ya watoto, michango ya waamini, na barua za paroko kwenda kwa Askofu.

La pili ni umri wa kumbukumbu. Kanuni namba 535 ya Sheria za Kanisa inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya wabatizwa, wa ndoa na wa marehemu, na paroko aone kwamba vinaandikwa sawasawa na kutunzwa. Prefektura ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1935, mikononi mwa Wapasionisti kutoka Italia. Kitabu cha ubatizo cha enzi hizo, kama hakikuliwa na mchwa, unakifungua leo na kukisoma. Hakiulizi una leseni ya mwaka gani. Sasa makarani wetu wanaanza kunakili majina hayo kwenye kompyuta, jambo jema, lakini mara nyingi kwenye programu yenye mwenyewe mmoja. Anayeishikilia programu anashikilia na majina.

Mwenye kudhani tunatia chumvi awaulize watunzi wa nyimbo wa kwaya zetu. Baadhi yao walijifunza kuandika nota kwa Finale, programu iliyokuwepo tangu mwaka 1988. Agosti 2024 kampuni yake ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena. Si mfumo endeshi, lakini somo ni lilelile. Mtunzi mwenye nyimbo mia mbili kwenye mafaili ya Finale anatakiwa azihamishe moja moja kwenda muundo wa wazi, MusicXML, wakati programu yake bado inafunguka. Aliyekuwa akitumia MuseScore, ambayo ni huria, hayuko katika hali hiyo. Hata waliomwanzishia wakichoka, wengine wanaruhusiwa kuendelea pale walipoishia.

Kanisa lina kanuni ya kufikiria mambo haya, na Papa Pius wa Kumi na Moja aliieleza mwaka 1931 katika Quadragesimo Anno: kanuni ya auni. Kile ambacho walio chini wanaweza kukifanya wenyewe, walio juu wasiwanyang'anye, bali wawasaidie wakifanye. Aliandika kuhusu dola na jamii, si kuhusu kompyuta. Lakini uamuzi kwamba mashine nzima ya parokia ya Mpwapwa imefika mwisho wa maisha yake unafanyika Marekani, na Mpwapwa inapokea taarifa. Hilo linatugusa hata bila kusoma hati yoyote. Wazee wetu wa Kigogo waliijenga tembe kwa miti na udongo, paa likiwa bapa, limefunikwa kwa udongo, na kila mwaka kabla ya mvua walilikarabati wenyewe. Lilikuwa na kazi, tena kazi ya kuchosha, na hatumtamanishi mtu kurudi kwenye paa linalovuja. Tunachokiona pale ni kwamba aliyelala ndani alijua paa limeshikwa na nini.

Lazima tuwe wakweli kuhusu upande mgumu. Kuna printa ambazo Linux haizielewi vizuri. Faili la Word lenye majedwali mengi likifunguliwa kwa LibreOffice linaweza kuvurugika, na karani aliyepangilia ratiba ya Kwaresima usiku kucha hatakushukuru. Kuna programu za hesabu zinazotaka Windows na si kingine. Na kuna uovu mmoja wa wapenzi wa Linux wenyewe, ambao tumeuona kwa vijana wenzetu: kumwekea mtu mfumo mpya kwa shangwe, kisha kuondoka. Mwanafunzi anakuja likizo, anageuza kompyuta ya parokia, anapanda basi kurudi masomoni, na karani anabaki na kioo asichokijua. Huo si uhuru wowote. Kwa maoni yetu, mahali pasipo na mtu wa kubaki, mfumo uliozoeleka ni bora, hata ukiwa na kasoro zake zote.

Ndiyo maana pendekezo letu halielekezwi kwanza kwa maparoko. Linaelekezwa kwa seminari yetu na kwa wenzetu. Mtakatifu Thomas, anapochambua fadhila ya busara, anaweka ndani yake utayari wa kufundishika, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeweza kuyajua yote ya kutenda. Tunaomba saa mbili za Jumamosi. Tusifundishwe kuwa mafundi wote. Wapatikane watatu au wanne kutoka kila mwaka wa masomo, wajifunze kuweka Mint au Ubuntu, kuhamisha kumbukumbu, kuunganisha printa, na hasa kumfundisha mtu mzima bila kumnyang'anya kipanya mkononi. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko kilometa chache tu kutoka hapa, na kina wanafunzi Wakatoliki wanaosomea kompyuta. Tukiwaomba kwa heshima hatuamini kama watatukatalia.

Tuanze na mashine zilizolala stoo, ambazo hakuna atakayelia zikiharibika. Linux Mint inaridhika na RAM ya gigabaiti 4, hata 2 kwa shida, na inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Karani aijaribu hivyo wiki nzima, achape nayo matangazo ya Dominika mbili, akatae au akubali mwenyewe. Akikubali, nakala ya kila faili iwekwe kwanza pembeni. Akikataa, tumshukuru kwa muda wake na tumwache na mfumo wake.

Parokia yenye kompyuta ya namna hiyo inaweza kumtumia ujumbe mlezi wetu kabla ya likizo ndefu. Tunaomba mambo matatu: chaja yake iletwe pamoja nayo, jina la printa liandikwe kwenye karatasi, na karani mwenyewe aje, asitume mtu.